Kutoka Provo hadi Nauvoo: Siku za Mwanzo za Misheni Yetu ya Uzeeni

Jumatatu, tarehe 26 Januari

Mimi na mume wangu tumeanza leo mafunzo katika Kituo cha Mafunzo ya Wamisionari cha Provo, jimbo la Utah, na kabla ya adhuhuri tulikuwa tumekwisha kuvaa vifuani beji nyeusi zenye jina letu la ukoo na jina la Yesu Kristo. Kanisa letu ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Wengi wanatufahamu kama Wamormoni, ingawa tangu mwaka 2018 viongozi wetu wamehimiza jina kamili litumike, nasi tunalitumia kwa furaha kwa sababu linamtaja tunayemtumikia.

Kituo kimejaa vijana wa umri wa wajukuu wetu. Wavulana wameitwa kwa miezi 24 na wasichana kwa miezi 18, na hakuna hata mmoja wao aliyejichagulia mahali anakokwenda. Wanandoa wazee huruhusiwa kusema wanaweza kutumikia kwa muda gani, kuanzia miezi 6 hadi 23, na ni kazi za namna gani wanazozimudu, kisha husubiri wito kutoka makao makuu ya Salt Lake City. Wapo watakaokwenda kufanya kazi ofisini mwa misheni, wakishughulikia viza, magari na nyumba za wamisionari vijana. Wapo watakaohudumu hekaluni. Wapo watakaopiga picha kumbukumbu za kale za vizazi na vifo ili zisipotee. Wapo watakaosimamia miradi ya maji na afya. Sisi tumeitwa kuongoza wageni katika maeneo ya kihistoria ya Nauvoo, jimbo la Illinois. Hatulipwi mshahara, na gharama zetu tunazibeba wenyewe: nauli, chakula, kodi ya nyumba, bima ya afya. Tuliweka akiba kwa miaka mingi kwa ajili ya jambo hili, na watoto wetu wakaongezea walichoweza.

Ni vyema nieleze mapema kwa nini tumekuja, maana swali hilo tumeulizwa na ndugu zetu wengi walioona ni ajabu wazee kuondoka wakati wa kupumzika. Mwezi Juni 1978 Kanisa lilitangaza ufunuo kwamba ukuhani ungetolewa kwa wanaume wote wastahiki bila kujali rangi. Mwezi Novemba mwaka huohuo wamisionari waliotumwa Nigeria na Ghana kuwaendea watu waliokuwa wakisubiri kwa miaka hawakuwa vijana. Walikuwa wanandoa wawili wazee, Rendell na Rachel Mabey pamoja na Edwin na Janath Cannon, na tarehe 21 Novemba 1978 Anthony Obinna alibatizwa mtoni nchini Nigeria, na wengine pamoja naye. Kwetu Afrika Mashariki mambo yalikwenda vivyo hivyo. Kanisa lilitambuliwa kisheria nchini Kenya mwaka 1991 na Tanzania mwaka 1992, na katika matawi yetu machanga, yaani makusanyiko madogo ya waumini, walikuja wazee wenye mvi kutoka ng'ambo, mume na mke, wakakaa nasi, wakatufundisha namna ya kuandika kumbukumbu za waumini, kuendesha darasa la watoto, na kuhesabu zaka na matoleo ya mfungo watu wawili wakiwa pamoja ili pasiwe na shaka. Walivumilia joto, homa na barabara mbovu bila manung'uniko. Mimi na mume wangu ni matunda ya subira yao. Sasa hekalu la Nairobi limekwisha kuwekwa wakfu, tarehe 18 Mei 2025, na sisi tuliohudumiwa tumefikia umri wa wale waliotuhudumia. Nimeona haya kubaki nyumbani.

Jumatano, tarehe 28 Januari

Masomo yanaanza asubuhi na kuendelea hadi jioni, na kwa sehemu kubwa si masomo ya kuhubiri. Wanandoa wazee hawatarajiwi kupita nyumba kwa nyumba wakibisha hodi, wala hawafungwi na ratiba ya dakika kwa dakika kama vijana. Tunachofundishwa zaidi ni kusikiliza. Tunakaa wawili wawili mbele ya mtu anayejifanya mgeni, naye hutueleza shida yake, na kazi yetu ni kumuuliza maswali ya kweli na kungoja majibu kabla hatujafungua maandiko. Mume wangu, ambaye kwa kawaida ni mtu wa maneno machache, amesifiwa sana na wakufunzi kwa utulivu wake. Mimi niliyefundisha darasani maisha yangu yote nalazimika kujizuia nisijaze kila ukimya.

Wanandoa walioketi karibu nasi wanakwenda visiwa vya Pasifiki. Mke anatembea kwa fimbo, na mume amebeba kisanduku cha dawa za mwezi mzima kilichopangwa kwa siku. Hakuna mzee hapa asiye na dawa zake. Tumezungumza kuhusu shinikizo la damu, miwani na magoti kwa uwazi ambao vijana wasingeuelewa, kisha tukapiga magoti hayohayo kwa pamoja na kuomba.

Jumamosi, tarehe 31 Januari

Tumeruka kutoka Salt Lake City hadi St. Louis, na tulipotoka nje ya uwanja wa ndege baridi ilitupiga usoni kwa namna ambayo sikuwahi kuijua. Wanandoa wengine wa misheni hiyohiyo, waliotangulia kufika kwa miezi kadhaa, walikuwa wakitusubiri kwa gari lenye joto na makoti mawili mazito waliyotuazima bila kuulizwa. Safari ya kuelekea kaskazini ilichukua zaidi ya saa tatu, mashamba yakiwa meupe kwa theluji pande zote.

Njia inapita Missouri, na mwenyeji wetu, aliyekuwa akiendesha, alitusimulia historia tuliyoijua vitabuni tu. Tarehe 27 Oktoba 1838 gavana wa jimbo hili, Lilburn Boggs, alitoa amri kwamba Watakatifu, yaani waumini wa Kanisa letu, waangamizwe au wafukuzwe. Amri hiyo ilibaki katika kumbukumbu za jimbo hadi gavana Christopher Bond alipoifuta mwaka 1976. Maelfu ya watu waliondoka wakati wa baridi, wengi kwa miguu, wakavuka mto Mississippi na kuingia Illinois, ambako wakazi wa mji mdogo wa Quincy waliwafungulia nyumba zao, ingawa wakimbizi walikuwa wengi kuliko wenyeji. Tulipovuka daraja la Quincy niliomba tupunguze mwendo. Sisi tunaotoka katika ukanda unaojua maana ya kambi za wakimbizi hatuwezi kupita mji wa namna hiyo kwa haraka, na ningependa jina lake litajwe mara nyingi zaidi kuliko la gavana yule.

Nauvoo tuliifikia giza likiwa limeingia. Hekalu linaonekana kutoka mbali, likiwa juu ya kilima, limewashwa taa.

Jumapili, tarehe 1 Februari

Ni Jumapili ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo tumefunga, na fedha za milo miwili tuliyoiacha tumezitoa kwa ajili ya wahitaji kama tulivyozoea. Mikutano ya Jumapili imekuwa ya saa mbili ulimwenguni kote tangu Januari 2019. Sakramenti ikapitishwa na vijana wa kata, yaani usharika wa hapa, mkate na maji, kisha waumini wakasimama mmoja mmoja kushuhudia. Mume wangu alisimama. Alisema sentensi chache kwa Kiingereza, halafu akamalizia kwa Kiswahili, akitamka jina la Mwokozi, na kanisa zima likaitikia amina.

Jumatatu, tarehe 2 Februari

Tumekabidhiwa nyumba ndogo yenye chumba kimoja cha kulala, jiko na dirisha linalotazama uwanda wa chini karibu na mto. Mwenyeji wetu alitufundisha kuwasha kitanuri cha joto, kumwaga chumvi kwenye ngazi ili tusiteleze, na kuvaa nguo kwa tabaka. Baada ya hapo tulipewa ratiba. Tutaamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tusome maandiko pamoja, tufike kwenye mkutano mfupi wa asubuhi pamoja na wenzetu wote, tuimbe, tusali, kisha kila wanandoa waende kwenye jengo walilopangiwa siku hiyo. Jengo hubadilika kila siku, hivyo lazima tujifunze historia ya karibu yote. Wakati huu wa baridi wageni ni wachache, na saa nyingi zinatumika kusoma, kufagia theluji, kupangusa vumbi na kushona. Kiangazi, tunaambiwa, hutapata muda wa kukaa.

Mchana tulizungushwa mji mzima. Watakatifu walipofika hapa mwaka 1839 paliitwa Commerce, na sehemu kubwa ya uwanda ilikuwa kinamasi. Mamia waliugua malaria. Joseph Smith mwenyewe, nabii na mwanzilishi wa Kanisa letu, aliugua, akalala katika hema uani kwa sababu nyumba yake ndogo ya magogo ilikuwa imejaa wagonjwa, na tarehe 22 Julai 1839 akainuka, akapita kando ya mto akiwawekea watu mikono na kuwabariki. Baadaye walichimba mitaro, wakaondoa maji yaliyotuama, na kufikia mwaka 1845 mji ulikuwa na watu wapatao 11,000. Kiongozi wetu alipoanza kueleza dalili za ugonjwa ule kwa kundi letu, kwamba mtu hutetemeka kwa baridi huku mwili ukiwaka moto, nilimwomba ruhusa niendelee mimi. Nimewahi kukesha na watoto wenye homa hiyo. Nilieleza jinsi mama anavyohesabu saa baina ya kutetemeka na kutokwa jasho, na anavyomlazimisha mtoto anywe maji wakati mtoto hataki chochote, na wenzangu wa Marekani wakanyamaza kabisa. Nadhani hapo ndipo nilipoelewa kwamba tunacho cha kutoa katika mahali hapa, na kwamba hatukuletwa kukariri maelezo ya watu wengine.

Jumanne, tarehe 3 Februari

Siku hii niliingoja tangu barua ya wito ifike. Tulipelekwa katika Mansion House, nyumba ambayo familia ya Joseph Smith na mkewe Emma ilihamia mwaka 1843. Kwa muda mrefu nyumba hii, pamoja na duka la matofali mekundu na majengo mengine, ilitunzwa na kanisa jingine, Community of Christ, hadi tarehe 5 Machi 2024 Kanisa letu liliponunua maeneo hayo. Waliyatunza vizuri sana, na tunapaswa kulisema hilo kwa kila mgeni.

Mwishoni mwa mwaka 1843 aliwasili katika mji huu mwanamke mweusi aliyezaliwa huru, Jane Manning, pamoja na mama yake, ndugu zake na watoto. Walikuwa wametoka Connecticut. Walianza safari kwa maji pamoja na waumini wengine, lakini walipofika Buffalo, jimbo la New York, walikataliwa kuendelea na chombo, wakaamua kutembea. Walitembea zaidi ya kilomita 1,000. Jane alisimulia baadaye kwamba viatu vyao viliisha, nyayo zikapasuka, na damu ikaacha alama ya mguu mzima ardhini, nao wakasimama na kumwomba Mungu aziponye nyayo hizo, zikapona. Huko Peoria walitishiwa kufungwa kwa kukosa hati za kuthibitisha kwamba hawakuwa watumwa. Walipofika kwa Joseph Smith, Emma ndiye aliyesimama mlangoni akawakaribisha ndani. Wenzake walipopata mahali pa kukaa na kazi, Jane alibaki bila kitu akilia, kwa kuwa hata sanduku lake la nguo lilikuwa limepotea, na akina Smith wakamwambia kwamba pale ndipo nyumbani kwake. Akakaa akifua, akipiga pasi na kupika, akiwa mmoja wa watu wa nyumba hiyo.

Mume wangu alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza kama nakumbuka bibi fulani wa kwetu aliyekuwa akitembea alfajiri hadi kwenye tawi kila Jumapili kwa miaka, akiwa amebeba viatu mkononi ili visiharibike njiani. Nilimkumbuka. Yule bibi hakuwahi kusikia jina la Jane Manning. Alasiri walikuja wageni wachache tu, baba, mama na mabinti wao kutoka jimbo la jirani, nami niliwasimulia habari za wanawake hawa wawili pamoja, wa Connecticut na wa kwetu. Binti mdogo aliuliza kama miguu ya Jane ilimwuma tena baadaye. Nikamwambia ukweli, kwamba alitembea tena, kwa sababu mwaka 1847 alifika bonde la Salt Lake pamoja na waanzilishi na akaishi huko hadi alipofariki mwaka 1908.

Jumatano, tarehe 4 Februari

Leo ni tarehe ambayo mwaka 1846 magari ya kwanza ya kukokotwa na wanyama yalivushwa mto kuelekea magharibi, Watakatifu walipofukuzwa Nauvoo. Tulipangiwa karakana ya wahunzi, ya akina Webb, ambako magari ya namna hiyo yalitengenezwa. Katika miezi ya mwisho ya mwaka 1845 karibu kila jengo la mji liligeuzwa karakana. Watu walichemsha mbao katika maji ya chumvi ili zikauke upesi na zisipasuke, na kufikia Novemba magari zaidi ya 1,500 yalikuwa tayari. Mwenzetu mmoja mwenye nguvu aliwasha tanuri na kumfundisha mume wangu kukunja msumari wa kwato za farasi uwe pete, zawadi ambayo mgeni hupewa bila malipo. Mume wangu alikunja pete mchana kutwa hata wageni walipokuwa hawapo. Alikuwa fundi wa vyuma kabla ya kustaafu, na mikono yake ilikuwa imeikosa nyundo.

Kazi nyingine za siku ni za kawaida mno, nami naziandika kwa sababu ndizo zinazochukua sehemu kubwa ya maisha ya misheni. Tulisugua sakafu. Tulijaza fomu ya idadi ya wageni. Tulikwenda kumpelekea supu mwenzetu mgonjwa, mke wake akiwa kliniki. Jioni tulipiga simu nyumbani kwa video, jambo ambalo wanandoa wazee huruhusiwa kulifanya wakati wowote, na mjukuu wetu mdogo alitaka kuoneshwa theluji, hivyo babu yake alitoka nje akiwa na simu na kuijaza kiganja chake. Kwetu ilikuwa usiku wa manane karibu na alfajiri. Mama yake alikuwa amemwamsha makusudi. Nilipozima simu moyo ulikuwa mzito, na sitaficha kwamba huzuni ya kuwa mbali na wajukuu ndiyo gharama kubwa kuliko zote tulizolipa.

Alhamisi, tarehe 5 Februari

Carthage iko mwendo wa takriban nusu saa kwa gari. Gereza la mawe ambamo Joseph Smith na kaka yake Hyrum walifungwa bado limesimama; Kanisa lililinunua mwaka 1903. Tarehe 27 Juni 1844, yapata saa kumi na moja jioni, kundi la watu waliopaka nyuso zao rangi nyeusi walipanda ngazi na kufyatua risasi. Hyrum Smith, mwenye umri wa miaka 44, aliuawa ndani ya chumba cha juu, na mdogo wake Joseph, mwenye miaka 38, aliuawa alipofika dirishani. Kati ya mitume wawili waliokuwa nao, John Taylor alijeruhiwa vibaya, na Willard Richards alitoka karibu bila jeraha. Mlango wenye tundu la risasi upo palepale.

Wanandoa wanaohudumu huko walitueleza namna wanavyowapokea wageni. Hawasimulii kila kitu. Huwaingiza chumbani, hueleza kwa ufupi, kisha huwaacha wakae. Nimeipenda hekima hiyo. Kuna wageni wanaokuja na imani yetu, na kuna wasioiamini hata kidogo, na wote wawili wana haki ya kukaa mahali walipouawa ndugu wawili bila kusukumwa kusema neno.

Ijumaa, tarehe 6 Februari

Tumekuwa hekaluni asubuhi yote. Hekalu la kwanza la Nauvoo lilijengwa kwa mawe ya chokaa yaliyochongwa kwa mikono, yakiwa na nakshi za jua, mwezi na nyota. Watakatifu walijua kwamba watafukuzwa, na bado waliendelea kulijenga. Kuanzia Desemba 1845 hadi mwanzoni mwa Februari 1846 waliingia humo mchana na usiku, na zaidi ya watu 5,000 walipokea endaumenti, yaani ibada ya maagano na baraka za hekaluni, kabla ya kuondoka. Jengo liliteketezwa na mchomaji moto mwezi Oktoba 1848, na tufani ya mwaka 1850 ikaangusha sehemu ya kuta zilizobaki. Hekalu la sasa limejengwa mahali palepale kwa sura ileile ya nje, na Gordon B. Hinckley, rais wa Kanisa wakati huo, aliliweka wakfu tarehe 27 Juni 2002.

Tulikuja na majina ya wazee wetu, ya upande wangu na wa mume wangu, tuliyoyakusanya kwa kuwauliza shangazi na wajomba kabla hawajaondoka duniani. Fundisho la ubatizo kwa ajili ya wafu, yaani aliye hai kubatizwa kwa niaba ya aliyekufa, lilitolewa hadharani mara ya kwanza hapa Nauvoo, mwezi Agosti 1840, na mwanzoni ubatizo huo ulifanyika katika mto wenyewe. Nilipokuwa nimeketi katika chumba cha selestia, chumba cha kukaa kimya na kusali hekaluni, niliwaza kuhusu Jane, na kuhusu Elijah Abel, seremala mweusi aliyetawazwa kuwa mzee wa Kanisa mwaka 1836, akaishi katika mji huu akitengeneza majeneza, akahudumu misheni zaidi ya mara moja hadi uzeeni, na akafariki mwaka 1884. Baada ya mwaka 1852, wakati zuio la ukuhani kwa watu weusi lilipotangazwa hadharani, wote wawili waliomba baraka za hekaluni wakakataliwa. Jane aliomba tena na tena hadi uzeeni. Endaumenti yake ilifanywa kwa niaba yake mwaka 1979, miaka 71 baada ya kifo chake.

Jambo hili linaniuma na sitaki lisimuliwe kwa kupunguzwa. Wageni wakiniuliza, na wataniuliza kwa sababu wananiona mimi ni nani, nitawaambia kwamba walikosewa, kwamba walibaki waaminifu, na kwamba mimi nimeingia bila kizuizi katika hekalu la mji ambao wao waliusaidia kuujenga. Mume wangu ana maoni kwamba niseme machache zaidi na niache Roho afanye kazi. Tumelijadili jambo hilo tangu tulipotoka hadi wakati wa chakula cha jioni, na bado kila mmoja anashikilia upande wake, ingawa tumekubaliana kwamba mwenzake akianza kusimulia, mwingine hatamkatiza.

Jumamosi, tarehe 7 Februari

Kila mwaka mwanzoni mwa Februari hufanyika matembezi ya kumbukumbu kwa kufuata barabara ya Parley hadi ukingoni mwa mto, njia ambayo familia ziliifuata zikiondoka. Tulikusanyika asubuhi, wamisionari, wakazi na wageni, wengine na watoto wachanga waliofungwa blanketi, wengine wakibeba bendera. Kila mshiriki angeweza kubeba jina la mtu aliyeondoka mwaka 1846 au baadaye. Nilibeba la Jane. Mume wangu alibeba jina la mhunzi, nadhani kwa sababu ya nyundo ya Jumatano.

Upepo ulitoka mtoni moja kwa moja. Njiani mzee mmoja mkazi wa mji, ambaye si wa kanisa letu, alitembea pamoja nami na kuniuliza nimetoka wapi, na nilipomwambia alitaka kujua kwa nini watu wetu wanajali habari za kijiji cha Illinois. Nilimwambia kuhusu wazee waliokuja kwetu miaka ya tisini, mume na mke, ambao mke alinifundisha kucheza kinanda cha kanisa kwa vidole viwili, na kwamba yeye mwenyewe alitoka katika ukoo uliopita barabara hii. Mzee akasema kwamba basi nimekuja kurudisha ziara. Nikamwambia ndiyo, ni hivyo hasa.

Mwishoni mwa njia pana vibao vyenye majina ya waliokufa safarini kuelekea magharibi. Tulisimama, tukaimba wimbo mmoja, sala ikatolewa fupi kwa sababu ya watoto, na watu wakatawanyika haraka kutafuta joto. Nilipenda kwamba hakuna aliyetulazimisha kukaa zaidi.

Mchana tulipewa ratiba ya juma lijalo. Jumatatu ni siku yetu ya maandalizi, yaani siku ya kufua, kununua mahitaji na kuandika barua. Jumanne tutakuwa katika jengo la mpiga chapa, na mume wangu amekwisha kuazima kijitabu cha namna herufi za madini ya risasi zinavyopangwa. Jumatano nitafundishwa kuoka vile vibiskuti vya tangawizi ambavyo wageni hupewa katika duka la mikate la Scovil. Alhamisi tumepewa zamu ya Mansion House peke yetu, bila wenyeji wetu, kuanzia kufungua mlango asubuhi hadi kuufunga jioni, na kundi la wanafunzi wa chuo limeandikishwa kufika alasiri. Nimeanza kuyaandika maelezo yangu upya kwa Kiingereza rahisi, nikianza na Buffalo.